Ndoa ya Paulina na Semina Zetu za Ndoa

Mwaka jana mwezi wa nane kanisa moja hapa Busia liliandaa semina ya ndoa ya siku tatu. Nilienda na vijana wangu kumi na wanne. Si ati tunaoa kesho, tuliombwa tu kupanga viti na kugawa chai. Lakini masikio tulikuwa nayo. Mafundisho yalikuwa mazuri kwa upande wake: namna ya kupanga pesa ya jikoni, namna ya kununua mahindi kwa gorogoro badala ya unga wa pakiti, namna ya kufunika makaa na jivu usiku ili asubuhi usitafute kiberiti. Halafu kila siku ilimalizika na neno lile lile: mama, vumilia. Ndoa inadumu kwa sababu mama anavumilia na anatunza kile kidogo kilichopo. Akina mama waliandika kwenye madaftari. Wanaume waliokuja ungewahesabu kwa vidole. Wengine walikuwa nje kwenye kivuli, wamekalia pikipiki zao, wakingoja chai.

Tukirudi, msichana mmoja wa kikundi chetu aliniuliza, "Ticha, kama mama anavumilia mpaka anakufa, hiyo tunasema ndoa imedumu?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, na sikuwa na jibu. Lakini nilikumbuka kitabu kimoja kwenye sanduku la vitabu vya zamani ambalo tuliachiwa, nikamwambia tutakisoma pamoja. Makala hii ni juu ya kitabu hicho, na juu ya mabishano kilichotuletea.

Kitabu kinaitwa Coming to Birth. Kiliandikwa na Marjorie Oludhe Macgoye, kikatoka mwaka 1986 na kushinda Tuzo ya Sinclair mwaka huo huo. Kenya kimewahi kusomwa sekondari kama kitabu cha mtihani, kwa hiyo nakala zilizochakaa bado zinapatikana kwa wauza vitabu vya mitumba. Kiko kwa Kiingereza. Tulikisoma Jumamosi alasiri, mimi nasoma ukurasa halafu naueleza kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu wale wanaojua Kijaluo walinisaidia, kwa sababu watu wa kitabu ni Wajaluo.

Hadithi yenyewe inaanza mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari Kenya. Paulina ana miaka 16. Anashuka kwenye treni Nairobi akitoka Kisumu, anakuja kwa mumewe Martin Were ambaye ana miaka 23. Martin anajiona mwanaume kamili: ana kazi, ana chumba, na sasa ana mke. Paulina ni mjamzito lakini mimba inaharibika. Akitoka hospitali anapotea mjini, hajui barabara, hajui lugha za watu. Anapofika nyumbani hatimaye, Martin anampiga. Hivyo ndivyo ndoa inavyoanza, na hatujasoma hata kurasa nyingi.

Baada ya hapo miaka inakimbia. Mimba nyingine zinaharibika. Martin anaanza kutafuta wanawake wengine. Paulina anarudi Nyanza, anasomea kazi za nyumbani kwenye shule ya akina mama, anakuwa mwalimu wa kazi hizo. Anapata mtoto wa kiume na mwanaume mwingine. Mtoto huyo anauawa kwa risasi Kisumu mwaka 1969. Paulina anarudi Nairobi, anapata kazi kwenye nyumba ya mbunge mmoja, na anapewa mahali pa kulala hapo hapo. Mwisho Martin anakuja tena, wanaishi pamoja, na kitabu kinafungwa mwaka 1978 Paulina akiwa na mimba.

Msomaji wa haraka atasema: hii ndiyo semina yetu imeandikwa kama riwaya. Mama alivumilia, mume akarudi, Mungu akawapa mtoto. Mzee mmoja wa kanisa niliyemsimulia alisema hivyo hivyo, akataka nisimulie vijana wote. Mimi nasema hapana. Huo si mpango wa kitabu hiki, na ukikisoma hivyo unakiibia kitu chake cha maana.

Angalia chumba. Mwanzoni chumba ni cha Martin. Ufunguo ni wa Martin, kitanda ni cha Martin, hata mji ni wa Martin kwa sababu yeye ndiye anajua njia. Paulina anapigwa kwa kosa la kutojua njia ya kurudi kwenye chumba cha mtu mwingine. Mwisho wa kitabu, chumba ni cha Paulina. Ameajiriwa, analipwa, ana mahali pake, na Martin ndiye anayekuja kubisha. Macgoye hatuambii kwa sauti kubwa kwamba mambo yamegeuka. Anaweka tu chumba cha kwanza na chumba cha mwisho, anatuachia sisi tuone. Kati ya vyumba hivyo viwili kuna zaidi ya miaka 20, na kwa miaka hiyo Paulina hakukaa akingoja. Alisoma, akafanya kazi, akapenda mtu mwingine, akazika mtoto.

Kwa hiyo ndoa yao haikudumu kwa kuvumilia. Ilivunjika kabisa. Iliyokuja baadaye ni ndoa nyingine kati ya watu wale wale, na iliwezekana kwa sababu mmoja wao sasa alikuwa na uwezo wa kusema ndiyo au hapana. Kijana mmoja wa kikundi chetu alibisha, "Martin amerudi tu kwa sababu amechoka na maisha." Msichana yule wa swali la kwanza akamjibu, "Na Paulina amemkubali kwa sababu ana mahali pa kumkubalia." Nafikiri ni maneno bora kuliko yangu yote juu ya kitabu hiki.

Sasa tuje kwenye ubanifu wa nyumbani, kwa sababu hapo ndipo kitabu kinatugusa sisi wa Busia. Hapa kutunza nyumba ni hesabu ya nchi mbili. Mama wa hapa anajua mahindi ni rahisi upande gani wiki hii, na sabuni upande gani. Shilingi moja ya Kenya inanunua zaidi ya ishirini za Uganda, na yeye anazigeuza kichwani akiwa amesimama na mtoto mgongoni, bila simu. Jina boda boda lenyewe lilizaliwa mpaka huu, kwa baiskeli zilizobeba watu kutoka boda moja mpaka nyingine. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba ubanifu ni tabia ya upole. Ni akili ya biashara. Tofauti ni kwamba jikoni tunaiita wajibu, na sokoni tunaiita kazi.

Macgoye aliona tofauti hiyo vizuri. Shirika la Maendeleo ya Wanawake lilianza Kenya mwaka 1952, chini ya serikali ya kikoloni, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa. Vikundi vyake vilifundisha kushona, kupika, usafi na kulea watoto. Watu wengi wameandika kwamba serikali ilitaka wanawake watulie nyumbani wasiunge mkono wapiganaji. Inawezekana kabisa mafunzo kama hayo yalikusudiwa kumfanya mwanamke awe mke mzuri, basi. Lakini kwenye riwaya, mafunzo hayo ndiyo yanampa Paulina mshahara. Kushona na kupika kulikokusudiwa kumfunga nyumbani ndiko kunamfungulia mlango wa kutoka. Mwandishi hacheki juu ya jambo hilo wala hahubiri. Anaonyesha tu kwamba kitu kile kile, tuseme sindano na uzi, kinaweza kumshikilia mtu au kumsimamisha, kutegemea pesa yake inaingia mfuko wa nani.

Hapo nikarudi kwenye Mithali sura ya 31, kwa sababu ilisomwa siku zote tatu za semina. Nenda uisome tena polepole, ndugu msomaji. Sisi tunasoma zile sehemu za kuamka usiku na kulisha familia, halafu tunafunga Biblia. Lakini yule mama wa Mithali anaangalia shamba na kulinunua. Kwa mapato ya mikono yake anapanda mizabibu. Anatengeneza nguo na kuwauzia wafanyabiashara. Na mwisho sura inataka apewe matunda ya kazi yake. Sioni mahali anaposifiwa kwa kunyamaza akipigwa. Nikamwambia mzee wa kanisa hayo, akasema atafikiri. Bado anafikiri.

Kuna watakaoniuliza: mzungu anatufundisha nini juu ya ndoa yetu? Swali ni halali. Macgoye alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928. Alikuja Kenya mwaka 1954 kufanya kazi ya vitabu na wamisionari. Mwaka 1960 akaolewa na Mjaluo, mtumishi wa afya, akakaa Nyanza na Nairobi, akachukua uraia wa Kenya na kuishi huko mpaka alipofariki mwaka 2015. Kwa hiyo alikuwa mke na mkwe wa watu kabla ya kuwaandika, na alikuwa Mkristo anayejua kanisa kutoka ndani. Ukisoma utaona. Mtu aliyetembelea tu angeandika mila za harusi na ngoma. Yeye anaandika nauli, kitanda, sufuria, barua isiyojibiwa. Habari kubwa za nchi zimo, uhuru wa 1963 umo, kifo cha Tom Mboya kimo, lakini zinaingia kama zinavyoingia kwetu, kupitia dirisha la jikoni wakati mtu anafanya jambo lingine.

Mpaka ile habari moja ambayo haikupita dirishani. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alienda Kisumu kufungua hospitali, kukawa na ghasia, askari wakapiga risasi na watu wakafa. Kwenye riwaya mmoja wa waliokufa ni mtoto wa Paulina. Siku tuliyosoma hapo, hatukujadili. Kwenye kikundi kuna waliotoka Sudan Kusini na Kongo, na kuna wawili ninaojua wamezika ndugu zao wadogo. Nilifunga kitabu, tukaenda kucheza mpira. Wiki iliyofuata wenyewe waliniambia niendelee.

Sasa lazima niseme jambo langu, kwa sababu bila hilo ukosoaji wangu hautaeleweka.

Mimi ni mtoto wa 2008. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 tulivuka kuja Uganda, Mama na sisi watoto watatu. Nilikuwa na miaka 6. Tulikaa kwenye mahema Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye mwaka huo tukapelekwa Kiryandongo. Baba alibaki kuangalia vitu, akasema anafuata. Alifuata mara moja, akakaa wiki mbili, akarudi Kenya. Tukasikia ana nyumba nyingine. Miaka tisa ikapita.

Mama alianza kwa kuokota mabaki ya vitenge kwa mafundi na kuyaunganisha kuwa vitambaa vya meza. Cherehani ilikuwa ya kuazima. Akaingia kikundi cha akiba, kile cha sanduku lenye kufuli tatu na wanawake watatu wenye funguo tofauti, hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Akakopa, akanunua cherehani yake. Tulikula posho na maharage mpaka nikachukia rangi ya maharage, lakini ada ya shule ililipwa. Mwaka 2017 Baba alifika na begi moja. Kanisani watu walisimama wakamshukuru Mungu kwa uvumilivu wa Mama. Mchungaji alimwita mbele kama mfano. Mimi nilikuwa kijana mkubwa tayari, nilitoka nje.

Nilipomaliza Coming to Birth nilimpigia Mama simu. Nilimsimulia yote, halafu nikamuuliza kama Paulina alikuwa mjinga. Akaniambia, "Baba, huyo mwanamke alikuwa anangoja mtu?" Nikasema hapana, alikuwa anafanya kazi. Akasema, "Basi. Hata mimi sikuwa nangoja mtu. Nilikuwa nashona. Baba yako alipofika nilimwambia kitanda kipo, lakini daftari la pesa linakaa kwangu." Sikuwahi kujua habari ya daftari. Miaka yote nilifikiri alikubali tu, kama ilivyosemwa kanisani.

Nikamuuliza tena, "Amewahi kuomba msamaha?" Akanyamaza kidogo. "Hajasema. Anachota maji." Ni kweli, Baba huchota maji kila asubuhi kabla watu hawajaamka, mitungi minne. Kwa Mama inaonekana imetosha. Kwangu haijatosha, na sijui kama nina haki ya kusema hivyo.

Ndiyo maana nina kesi na Macgoye. Kile kipigo cha mwanzo hakirudi tena. Nimetafuta ukurasa ambapo Martin anasema neno moja wazi juu yake, sikuupata. Anarudi, anapunguza kiburi, anakuwa mtu wa kawaida, na sisi tunatakiwa kuridhika kwamba umri na historia vimemfundisha. Najua wanaume wako hivyo. Baba yangu yuko hivyo. Lakini riwaya inaweza kusema kile watu wanashindwa kusema, na hapa riwaya imenyamaza pamoja na Martin. Yule anayetaka kutumia kitabu hiki kuhubiri uvumilivu anapitia kwenye ufa huo huo, na mwandishi ndiye aliyeuacha.

Kesi ya pili ni mimba ya mwisho. Najua jina la kitabu linaongea juu ya kuzaliwa, na si mtoto tu anayezaliwa, ni Paulina mwenyewe na pia nchi. Nimeelewa. Lakini msichana mmoja alisema, "Kwa hiyo bila mtoto ingekuwa haijaisha vizuri?" Kwenye kambi zetu kuna ndoa nzuri ambazo hazina watoto, na ndoa ambazo watoto wao hawakuvuka mpaka. Wasomaji hao wanafika mwisho wa kitabu wanakuta zawadi ambayo si yao. Mimi ningependa zaidi kama kingefungwa siku Martin anapobisha mlango, Paulina amesimama ndani, ufunguo mkononi.

Na kesi ya tatu ni swali ambalo kitabu hakiulizi kabisa, na sisi pia hatuulizi: nani alimfundisha Martin? Paulina alipelekwa shule ya kutunza nyumba. Martin hakupelekwa popote. Alijifunza kuwa mume kwa kubahatisha, kwa gharama ya mke wake. Leo ni vile vile. Mafunzo ya bajeti, ya lishe, ya akiba, ukiangalia orodha ya majina ni akina mama watupu. Tangu msaada wa chakula Uganda ulipopunguzwa mwaka 2023 na familia nyingi kupangwa kwenye makundi, tunasema kila siku kwamba nyumba inahitaji ubanifu zaidi. Sawa. Lakini nyumba ina watu wawili, na tunamfundisha mmoja kuishi na kidogo huku mwingine amekalia pikipiki nje akingoja chai. Nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika na mnasoma jarida hili, hilo ni lenu pia. Na ni langu, kwa sababu kati ya wale vijana kumi na wanne, tisa ni wavulana, na mpaka mwaka jana sikuwahi kuwafundisha hata kuosha sufuria.

Pamoja na kesi hizo zote, bado nasema kitabu hiki kisomwe. Kisomwe hasa na wale wanaojiandaa kuoana, badala ya kijitabu cha kanuni saba za ndoa. Paulina si mfano wa kuigwa. Ana makosa yake, kanisani kwetu angekalishwa benchi la nyuma. Lakini anakuonyesha ndoa kama kitu ambacho watu wawili wanaweza kukivunja na wanaweza, kwa bahati na kwa kazi, kukijenga upya, na kwamba anayejenga lazima awe na kitu mkononi. Akiba ya mama si ya kumfunika baba aibu tu. Ni ya kumpa mama mlango wake.

Kikundi chetu kimeomba tukisome tena kuanzia mwanzo, safari hii wavulana ndio wasome sehemu za Paulina kwa sauti. Tunaanza Jumamosi saa nane. Nakala ni moja na kurasa za katikati zimelegea, kwa hiyo yeyote aliye na nyingine Kiryandongo au upande wa Kenya atusaidie. Yule msichana wa swali la kwanza ndiye anakaa na kitabu nyumbani kwao. Mama yake, ameniambia, ameanza kuuliza kimeandikwa nini.